Kumhesabu wa Mwisho: Redio ya Ridhaa katika Mbio Ndefu za Nyikani

Redio ya ridhaa iliingia katika mbio ndefu za nyikani ili kujibu swali ambalo saa ya mwamuzi hailijibu: waliobaki njiani ni wangapi, na wako wapi? Uwanjani swali hilo halipo. Mkimbiaji akianguka katika mzunguko wa pili, uwanja mzima unamwona. Lakini njia ikiwa na urefu wa kilomita 160, ikapanda milima, ikashuka makorongo na kupita msituni usiku kucha, mshindani huonekana dakika tano kituoni kisha humezwa na miti kwa saa mbili au tatu. Anayeongoza hatafutwi, maana kila mtu anamngoja. Anayetafutwa ni yule wa mwisho, na wa pili kutoka mwisho, na yule aliyekaa juu ya jiwe afunge kiatu akashindwa kuinuka.

Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa watu wasiolipwa. Mwendesha redio wa ridhaa ni mtu aliyefanya mtihani, akapewa leseni na serikali yake pamoja na jina la hewani, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao hakuna mwingine duniani anaoutumia. Mwanzo wa jina hutaja nchi: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9Q Kongo, na Marekani hutumia hasa K, N na W. Sharti la leseni ni kutofanya biashara hewani. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, lakini sheria ya Marekani inamtaka mwanaridhaa afanye kazi hiyo hiyo kwa mkono mtupu, na asitumie mafumbo yanayoficha maana ya maneno yake. Kila anachokisema kinaweza kusikilizwa na yeyote mwenye redio. Masharti hayo mawili, kutolipwa na kutoficha, yameathiri sana namna mbio zinavyofuatiliwa.

Chimbuko lake liko katika kupokezana ujumbe. Sheria ya redio ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, ambayo wataalamu wa wakati huo waliyaona hayana faida. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim, mhandisi wa mji wa Hartford, alitaka kumfikia mwenzake wa Springfield, umbali usiotimia kilomita 50, na mitambo yake ikashindwa. Akamwomba mwanaridhaa wa Windsor Locks, aliyekuwa katikati, aupokee ujumbe na kuusukuma mbele. Kutokana na tukio hilo yeye na Clarence Tuska waliunda chama cha ARRL, na neno la kupokezana limo ndani ya jina lake hadi leo. Kituo kimoja hakifiki, basi viwekwe vituo katikati. Miongo kadhaa baadaye, watu waliokwenda na betri na antena hadi ukingoni mwa korongo walikuwa wakifanya jambo hilo hilo.

Kabla ya binadamu kuhesabiwa, walihesabiwa farasi. Mwaka 1955 Wendell Robie, mkazi wa Auburn huko California, alipanda farasi pamoja na wenzake kutoka eneo la Ziwa Tahoe hadi mjini kwao, maili 100 kupitia milima ya Sierra Nevada, ili kuthibitisha kwamba safari hiyo yawezekana ndani ya siku moja. Mashindano yaliyotokana nayo yanajulikana kama Tevis Cup. Farasi hawezi kusema amechoka, na mpandaji mwenye uchu wa ushindi hatasema kwa niaba yake. Kwa hiyo njiani paliwekwa vituo vya madaktari wa mifugo: mnyama anasimamishwa, mapigo ya moyo yanahesabiwa, mwendo wake unaangaliwa, na akichechemea anaondolewa. Kila kituo kikawa na orodha ya walioingia, waliotoka na walioondolewa. Orodha hiyo ndiyo mama wa yote yaliyofuata.

Mwaka 1973 farasi wa Gordy Ainsleigh alianza kuchechemea akiwa amekwenda maili 29, akaondolewa. Mwaka uliofuata Ainsleigh alijipanga mstarini pamoja na farasi, ila yeye hakuwa na farasi. Alikimbia kwa miguu yake na kufika Auburn baada ya saa 23 na dakika 42. Mwaka 1977 wanaume 14 walijaribu mbio rasmi za kwanza za watu kwenye njia hiyo, Western States, siku ile ile ya farasi, wakamaliza 3 tu. Mwaka 1978 mbio za watu zilitengwa na za farasi: waliingia 63, wakamaliza 30, mmoja wao Pat Smythe, mwanamke wa kwanza kumaliza. Ukisoma hesabu hizo kwa jicho la msimamizi badala ya jicho la shabiki, utaona kilichomnyima usingizi. Watu 33 hawakufika. Kila mmoja aliishia mahali fulani kati ya Tahoe na Auburn, katika njia inayopanda jumla ya mita 5,500 na kushuka 7,000, na joto la makorongoni likipita nyuzi 38. Ilibidi mtu ajue kila mmoja wao aliishia wapi.

Huko Alaska swali lile lile lilivaa nguo za baridi. Mbio za mbwa za Iditarod zilipofika Nome kwa mara ya kwanza mwaka 1973, timu 34 zilikuwa zimeondoka Anchorage na 22 zikamaliza. Mshindi, Dick Wilmarth, alitumia siku 20. Wa mwisho alitumia 32. Kati ya miji hiyo miwili hapakuwa na barabara, na vijiji vingi vya njiani havikuwa na simu ya kutegemewa. Katika miaka ya mwanzo wanaridhaa walikaa vijijini na redio za masafa mafupi, aina ambayo Waswahili wa zamani waliizoea misheni na kwenye mashamba makubwa kwa jina la simu ya upepo. Mawimbi ya mita 80 yana tabia moja nzuri: yakirushwa wima hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kama mpira, hivyo mlima uliosimama katikati hauyazuii. Ubaya wake ni antena. Inahitaji waya wa makumi ya mita uliofungwa mtini, na wakati mwingine anga lenyewe, hasa karibu na ncha ya dunia, hukataa kuyarudisha kwa siku nzima. Nome wanayo pia desturi ambayo kila mfuatiliaji wa mbio angeielewa: taa huwashwa kwenye lango la kumalizia na haizimwi mpaka mwendesha mbwa wa mwisho awe ameingia, naye hupewa zawadi ya taa nyekundu.

Katika milima ya California na Utah hapakuwa na haja ya waya mrefu kiasi hicho, kwa sababu teknolojia nyingine ilikuwa imeshapevuka. Tangu miaka ya 1960 wanaridhaa wa Marekani walikuwa wakipandisha vileleni mitambo inayoitwa ripita, ambayo hupokea sauti katika masafa fulani na papo hapo kuirusha upya katika masafa ya jirani kwa nguvu kubwa zaidi. Masafa yaliyopendwa yalikuwa ya mita 2, kati ya megahezi 144 na 148 kwa Marekani na kati ya 144 na 146 kwa Ulaya na Afrika. Mawimbi hayo husafiri kama mwanga. Yakiona kilele yanafika, na kilele kikifichwa na ukingo wa korongo, hayafiki. Redio za mkononi zikapungua uzito na bei. Icom IC-2AT ya mwaka 1980 ilimpa mtu wa kawaida redio inayoingia katika mfuko wa koti. Mwanaridhaa mmoja, betri ya gari, antena juu ya mlingoti wa mabomba, na kituo kimekamilika.

Kinachofanyika kituoni hakina mbwembwe. Chini ya turubai kuna meza ya kukunja, na juu ya meza kuna karatasi yenye safu nne: namba, saa ya kuingia, saa ya kutoka, maelezo. Msaidizi amesimama hatua ishirini mbele kwenye njia, akisoma namba za vifuani kwa sauti, kwa maana mkimbiaji akishafika kwenye maji na matikiti hujifunika taulo na namba haionekani tena. Mwandishi anaandika kwa penseli. Wino huyeyuka kwa jasho na mvua. Kila baada ya muda mfupi mwendeshaji anaita kituo kikuu, anangoja apewe nafasi, kisha anasoma. "Mbili, moja, nne, kaingia saa kumi na dakika saba, katoka saa kumi na dakika kumi na tisa. Tatu, sifuri, nane, kaingia saa kumi na dakika tisa, amejitoa hapa." Msimamizi wa kituo kikuu anarudia namba zote, na mwendeshaji anathibitisha. Tarakimu husomwa mojamoja kwa makusudi, hasa kwa Kiingereza, ambako kumi na tano na hamsini hutofautiana kwa silabi ya mwisho tu, na silabi hiyo ndiyo inayoliwa na kelele.

Namba hutajwa, jina halitajwi. Hapo ndipo lile sharti la kutoficha linapouma. Mkimbiaji aliyeanguka kifafa au anayekojoa damu ana haki ya siri yake, lakini hewani hakuna siri. Basi mwendeshaji husema namba fulani anahitaji daktari, na mengine yanangoja gari lifike. Waandaaji wengi hawatoi hata orodha ya majina kwa vituo vya njiani.

Karatasi zote hukutana katika hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Waliotoka kituo cha tano ni 287. Waliofika cha sita ni 281. Aliyerudi cha tano na kujitoa ni mmoja. Njiani kati ya vituo hivyo wamo watu watano. Ikiwa kituo cha tano kimeshafungwa na wafagiaji, yaani watu wanaotembea nyuma kabisa ya mbio, wameingia cha sita na mmoja tu, basi wanne hawajulikani walipo. Mara nyingi kosa liko katika karatasi: mtu alipita kituoni bila kusimama, au alipewa lifti na mkewe akaenda kulala hotelini bila kumwambia yeyote. Huyu wa hotelini ni adui mkubwa wa wana redio kuliko dubu wote wa Sierra. Watu wazima wenye tochi wametembea korongoni usiku kumtafuta mtu aliyekuwa kitandani akila pitsa.

Ubovu wa mfumo wa sauti ni kwamba hewa ni moja. Vituo 15 vikitaka kusoma namba 30 kila kimoja, foleni inakua, na mwenye dharura anangoja kama wengine mpaka aivunje kwa kelele. Suluhisho lilianza mbali na mbio. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha Alohanet, mtandao uliounganisha kompyuta za visiwani kwa redio. Taarifa zilikatwa vipande vifupi, kila kipande na anwani yake, vikarushwa vyote katika masafa yale yale, na vilivyogongana vikarudiwa. Vipande hivyo huitwa pakiti, na mwaka 1978 wanaridhaa wa Montreal walirusha pakiti zao za kwanza. Kikundi cha Tucson kiitwacho TAPR kikatengeneza kisanduku, kwa hakika modemu, kilichoweza kununuliwa kwa vipande na kuunganishwa nyumbani, na mwaka 1984 kanuni za kurusha pakiti, ziitwazo AX.25, zikachapishwa katika toleo ambalo bado linatumika. Sauti ya pakiti inatambulika mara moja: mkwaruzo wa nusu sekunde, milio miwili ya hezi 1,200 na 2,200 ikipishana kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuifuata. Ndani ya mkwaruzo huo zimo namba ambazo sauti ya mtu ingezisoma kwa nusu dakika.

Aliyeichukua njia hiyo na kuipeleka kwenye mbio ni Bob Bruninga, mhandisi wa Chuo cha Wanamaji cha Marekani mjini Annapolis, jina la hewani WB4APR. Mwaka 1982 alikuwa ameandika programu ya kompyuta ya Apple II iliyochora kwenye ramani mahali zilipo meli, kwa kutumia taarifa za redio za jeshi la maji. Mwaka 1984 aliandika nyingine, kwa ajili ya kompyuta ya Commodore VIC-20, ifuatilie mahali na hali ya farasi katika mbio za maili 100. Yafaa kutulia kidogo kwenye mashine hiyo. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 5, pungufu ya picha ndogo kabisa inayotumwa leo kwa simu. Kioo kilibeba herufi 22 kwa mstari. Na hapakuwa na setilaiti ya kumwambia mtu alipo: mahali pa farasi palijulikana kwa sababu binadamu kituoni alimwona farasi na kubonyeza namba yake. Ile orodha ya madaktari wa mifugo ilikuwa imehamia ndani ya kompyuta, pamoja na habari zake zote, maana programu ilionyesha pia kama mnyama yuko salama.

Kutokana na kazi hiyo, baada ya kuitwa kwa majina mengine, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulizaliwa mfumo wa APRS. Herufi hizo awali zilisimama kwa kuripoti mahali. Baadaye Bruninga aliibadilisha P ya mahali (position) kuwa P ya pakiti (packet), na kwa miaka mingi aliwasuta waliouona mfumo wake kuwa chombo cha kuonyesha magari kwenye ramani tu. Kwake ulikuwa ubao wa matangazo wa papo kwa papo: nani yuko wapi, hali ya hewa ikoje, daktari yuko kituo gani, ujumbe upi unangoja kujibiwa. Alikufa mwaka 2022. Tukitazama alipoanzia, kwenye hali ya farasi, mtu anaona alikuwa na haki ya kukasirika.

Hata hivyo ramani ndiyo iliyowavutia watu, kwa sababu GPS ilikuwa imefika. Mfumo huo wa setilaiti ulitangazwa kuwa kamili mwaka 1995, lakini serikali ya Marekani ilikuwa ikiuchafua makusudi kwa raia, hata kosa la mita 100 lilikuwa la kawaida. Barabarani mita 100 si kitu. Korongoni mita 100 ni tofauti ya kuwa ng'ambo hii ya mto au ng'ambo ile, na kufika ng'ambo ile huenda kukataka mwendo wa saa mbili. Uchafuzi huo ulizimwa Mei 2000, kosa likashuka chini ya mita 20. Kwa wakati huo vifaa vilikuwa tayari: redio ya mkono ya Kenwood TH-D7 yenye modemu ndani yake, visanduku vidogo vya TinyTrak vilivyounganisha GPS na redio yoyote, masafa ya pamoja ya megahezi 144.39 kwa Amerika Kaskazini na 144.80 kwa Ulaya, na vituo vya kurudia pakiti vilivyotapakaa vilimani. Baadaye pakiti zikaanza kumwagwa kwenye intaneti, na tovuti kama aprs.fi zikamwezesha mzee aliye sebuleni kwake kuona gari la huduma likipanda mlima.

Hapo wengi walidhani kwamba kila mkimbiaji sasa atavishwa kisanduku na kazi imekwisha. Hesabu ilikataa. Abramson alikuwa ameonyesha kwamba watumaji wasiosikilizana wakigombea masafa mamoja, asilimia 18 tu ya muda ndiyo inayozaa pakiti salama. Kinachozidi ni migongano. Chukulia pakiti moja, pamoja na muda wa redio kuamka, inakula sekunde moja. Dakika nzima basi inabeba kama pakiti 11, na kila pakiti ikirudiwa na kituo cha mlimani, nafasi inabaki nusu. Western States huruhusu wakimbiaji wasiofika 400. Hata kama kila mmoja angetuma mara moja kwa nusu saa, masafa yangeelemewa. Ni kweli redio husikiliza kwanza kabla ya kutuma, lakini mtu aliye korongoni hamsikii aliye korongo la jirani, ilhali kilele kinawasikia wote wawili kwa pamoja. Zaidi ya hayo kuna uzito. Mkimbiaji anayekata mpini wa mswaki ili apunguze gramu hatabeba betri ya mtu mwingine.

Kwa hiyo visanduku vilipewa wachache: gari la mbele, magari ya maji na ya wagonjwa, na wale wafagiaji wa nyuma. Uamuzi huo una akili kuliko unavyoonekana. Ukimjua wa mbele na ukimjua mfagiaji, unajua mbio zote zimo kati yao. Penseli inabaki kumtaja kila mmoja, na ramani inaonyesha pande mbili za uzio unaosogea.

Mijini historia ilikwenda kwa njia nyingine. New York Marathon ilianza mwaka 1970 ndani ya bustani ya Central Park ikiwa na wakimbiaji 127, na mwaka 1976 ikatandazwa katika wilaya zote tano za jiji. Barabarani hakuna anayepotea. Tatizo ni wingi, na wanaridhaa walikwenda kukaa kwenye mahema ya huduma ya kwanza na kwenye mabasi ya kuokota waliochoka. Mshindi alikuwa na televisheni. Mwaka 1988 huko Boston, Ibrahim Hussein wa Kenya alipomshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu, dunia iliona kila hatua ya mita za mwisho. Nyuma yao kilomita 20 kulikuwa na maelfu ambao mawasiliano yao yalikuwa ni mtu aliyevaa fulana ya rangi kali na redio kiunoni. Chipu za kiatuni zilipoanza kutumika katika mbio hizo mwaka 1996, mwaka wa mia wa Boston Marathon na ushindi wa Moses Tanui, muda wa kila mtu ulipimwa kwa usahihi. Lakini chipu huzungumza inapokanyaga zulia lake tu. Aliyeanguka kati ya mazulia mawili hana la kusema.

Tarehe 15 Aprili 2013, saa 8:49 mchana, mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia wa Boston. Watu 3 waliuawa na zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Njiani walibaki wakimbiaji zaidi ya 5,000, waliolowa jasho, wenye nguo nyepesi, na wengi wao hawakujua kwa nini wamezuiwa. Mitandao ya simu ilizidiwa papo hapo, kwani kila mtu mjini alikuwa akimpigia mtu wake. Wanaridhaa zaidi ya 200 walikuwa wameshasambazwa toka mwanzo wa mbio huko Hopkinton hadi mwisho wake Boylston Street, kila mmoja na eneo lake na masafa yake. Walichokifanya kilikuwa ni kile walichokwenda kukifanya asubuhi, kwa ukubwa zaidi: kupeleka agizo la kusimamisha watu, kusema hema lipi lina blanketi na lipi limeishiwa, na kuelekeza mabasi waliko waliosimama baridini. Hapakuwa na ripita mpya wala programu mpya.

Miaka hiyo hiyo setilaiti za biashara zilikuwa zimeanza kuchukua sehemu ya kazi. Kifaa cha SPOT kilitoka mwaka 2007, kikafuatwa na vingine vinavyotumia setilaiti za Iridium, na mbio nyingi za nyikani zikaanza kukodisha visanduku vya kufungwa mkobani. Vinafanya kazi vizuri penye anga wazi na vibaya chini ya majabali na miti minene, yaani vibaya pale pale ambapo mtu huumia. Na kumjua mtu alipo hakumsogezi karibu. Mei 2021 katika mbio za kilomita 100 huko Gansu, China, mvua ya barafu na upepo viliwakuta wakimbiaji kwenye mteremko mkali ambao gari haliwezi kupanda. 21 kati ya 172 walikufa. Baadhi waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyekuwa amejihifadhi pangoni. Kituo chenye mtu, blanketi na redio kinachukua nafasi ambayo nukta kwenye kioo haiwezi kuichukua, na ndiyo sababu waandaaji makini hawajawaambia wanaridhaa wabaki nyumbani.

Nao wanaridhaa wamebadilika. Wapo wanaotuma APRS kwa mtindo wa LoRa, unaotumia nguvu ndogo mno kufika mbali, kwa vifaa vyepesi kuliko simu. Wapo wanaobeba antena ya intaneti ya setilaiti hadi kituo cha korongoni, na kuingiza namba moja kwa moja kwenye jedwali linaloonekana na dunia nzima. Wengi wao wana mvi, na vijana wa kuwapokea ni wachache katika vilabu vingi. Mtihani wa redio hauna mvuto ule uliokuwa nao kabla ya simu za mkononi. Karatasi ya safu nne bado inachapishwa kila mwaka, kwa sababu kompyuta hupata joto kali na betri huisha.

Western States huanza Jumamosi saa 11 alfajiri na lango hufungwa Jumapili saa 5 asubuhi, baada ya saa 30 kamili. Saa ya mwisho huwa na watu wengi uwanjani Auburn kuliko saa ya mshindi. Mwaka 2015 Gunhild Swanson, mwenye umri wa miaka 70, aliingia kwa saa 29, dakika 59 na sekunde 54, akisukumwa na kelele za umati mzima. Zilibaki sekunde 6. Lakini kwa wana redio saa 5 si mwisho. Wafagiaji wangali njiani, na nyuma ya vituo vilivyofungwa kuna waliojitoa wanaongoja magari. Msimamizi wa kituo kikuu anaendelea kuita kituo kimoja baada ya kingine, akilinganisha namba zilizoingia na zilizotoka. Kila kituo ambacho hesabu yake imekubali kinaruhusiwa kushusha mlingoti. Kile ambacho hesabu yake inapungua mmoja kinaambiwa kingoje, na mtu anatumwa kwenda kugonga milango ya hoteli.